Kato wa Tatu

Jasinta hana tabia ya kupiga simu asubuhi, kwa hiyo simu yake ilipoita kabla sijamaliza chai nilijua kuna jambo. "Koku, umekaa?" Nikamwambia nimekaa, ingawa nilikuwa nimesimama. "Madamu Sanga ametutoka. Wanamzika kesho, kwao Makete." Hapo nikakaa kweli. Kutoka Bukoba ninakoishi mimi, au kutoka Kyerwa anakoishi yeye, hakuna namna ya kuwahi Makete, kule nyanda za juu kusini, labda uote mabawa. Basi tukafanya lililowezekana. Nilipanda basi hadi Nkwenda, nyumbani kwa Jasinta, tukaomboleza kwa namna yetu, yaani tulikaa jikoni kwake tukimenya ndizi na kumsema marehemu, tukimsema na kumsema mpaka sufuria ikajaa na watu wa kuzila hawapo. Jasinta amekuwa mkuu wa shule muda mrefu na sauti yake imebaki ile ya mstarini, hata akiomba chumvi. Alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, kisha akacheka. "Na lile swali lake la Kato!" Binti zake wakauliza ni swali gani hilo. Tukaanza kuwaeleza, tukakatizana, tukabishana nani alisema nini, na mwisho wa yote hawakuelewa kitu, wakarudi kwenye simu zao. Ndiyo maana naliandika hapa, peke yangu, bila Jasinta wa kunikatiza.

Mwaka wenyewe ni ule tuliosoma hisabati katika chuo kidogo cha ualimu pale Ndama, wakati Kyerwa ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe. Nikisema kidogo namaanisha kidogo: mabweni mawili, madarasa yaliyotazamana, jiko la kuni lililotoa moshi zaidi ya chakula, na migomba pande zote, imekaribia madirisha utadhani nayo imekuja kusoma. Mimi na Jasinta tulikaa chumba kimoja. Dari haikuwepo, na kuta za kutenganisha vyumba ziliishia njiani, hazikufika kwenye bati, kwa hiyo maneno ya jirani yalikuwa yetu na ya kwetu yalikuwa yao. Upande wa kushoto walilala wasichana wa biolojia waliokariri kwa sauti, na mpaka leo ukiniamsha ghafla naweza kukutajia sehemu zote za ua. Upande wa kulia walikuwa wawili waliokuwa na wachumba, nao walijadili barua za hao wachumba neno kwa neno, tukawa tunajua huyu ameandika kwa moyo na yule amenakili. Asubuhi ukungu uliingia hadi kitandani. Siku za kazi tulikula ugali na maharage, Jumapili tulikula ndizi na maharage, na tuliziita hizo ndizi sikukuu. Jasinta alikuwa na kopo la senene, wale panzi wa kuliwa, waliokaangwa kutoka kwao, amelificha chini ya nguo, na kila nilipomsaidia kufumbua hesabu iliyomshinda alinipimia wachache kwa vidole vitatu, kama mganga anayepima dawa. "Usizoee," alikuwa akisema.

Hisabati tulifundishwa na Madamu Sanga, ambaye baridi ya Karagwe haikumbabaisha hata kidogo. Alituambia kwao Makete ndiko kuliko na baridi, hii yetu ni kivuli tu. Alikuwa ametuzidi umri kwa miaka michache, na nadhani alilijua hilo, kwa sababu alitembea haraka na kuongea kwa ukali usiokuwa wake. Ukimuuliza swali alifumba macho kwanza, akakujibu akiwa ameyafumba. Nilimpenda. Niliseme wazi, maana wapo wanaodhani hisabati inapendwa hivihivi, hewani. Mimi niliipendea pale ubaoni, kwa mtu yule aliyeandika mstari, akarudi nyuma hatua mbili, akautazama kama mtu aliyepika kitu ambacho hajakionja. Walimu wote niliowahi kuwa nao kabla yake walijua. Walijua na walitaka tujue kwamba wanajua. Yeye nilimshuku tangu mwanzo kwamba kuna mahali hajui na panamvutia, ila hakuwahi kulisema hilo, na mimi nisingethubutu kumuuliza.

Sasa, kulikuwa na njia moja tu ya kutoka pale kwenda chuo kikuu upesi, nayo ilipita mkononi mwake. Wengi wetu tungemaliza stashahada na kupangiwa shule za kufundisha. Lakini mkuu wa chuo alikuwa na mpango wake: waliopata alama A ya hisabati mwishoni mwa mwaka wa kwanza, majina yao yalipelekwa Dar es Salaam, wahamie huko kuanza shahada. Chini ya A hapakuwa na mjadala, ungebembeleza ukalala. Mimi niliitaka nafasi ile mpaka ikanikosesha hamu ya kula. Nilitaka kukaa mahali ambapo hisabati haiishii kwenye jinsi ya kumfundisha mtoto wa darasa la tano. Na mimi na Jasinta tulishaamua kwenda pamoja. Tulikuwa tumeshagawana chumba ambacho hatujakiona: yeye alichukua kitanda cha dirishani, mimi cha mlangoni, kwa kuwa huwa nasoma nikitembea.

Mtihani ukaja. Tulikuwa tumesoma mada ya uwezekano muhula ule, na Madamu, kwa nia njema kabisa, alitaka maswali yafanane na maisha yetu. Karatasi zilikuwa za Kiingereza kama ilivyo ada, lakini watu ndani yake walikuwa wa kwetu. Swali la mwisho lilisema hivi: mama mmoja ana watoto wawili. Mmoja wao ni mvulana, anaitwa Kato. Kuna uwezekano gani kwamba mwenzake naye ni mvulana? Nililisoma, nikatabasamu, nikasema moyoni, Madamu leo ametutega. Kwa wasiotoka kwetu, niwaeleze. Jina Kato haliokotwi njiani. Mapacha wakizaliwa, wa kwanza ni Kakuru na wa pili ni Kato, kama Wasukuma walivyo na Kulwa na Doto. Wa kwanza akiwa msichana ataitwa Nyangoma. Hata mtoto atakayewafuata mapacha ana jina lake tayari, Kaiza, kabla mama hajamfunga nepi. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Karagwe, nikajibu kama mtoto wa Karagwe. Niliandika kwamba hawa watoto ni mapacha na Kato ndiye mdogo. Kama ni mapacha wa kufanana, basi mwenzake ni mvulana bila ubishi. Kama si wa kufanana, ni nusu kwa nusu. Ukichanganya hali hizo mbili jibu linakuwa zaidi ya nusu, na ni zaidi kwa kiasi gani, inategemea mapacha wa kufanana ni wengi kiasi gani, jambo ambalo swali halikusema. Nilipiga mstari chini ya jibu, nikatoka nje natembea kifua mbele.

Karatasi ziliporudi nilikuta pale pana sifuri. Sifuri nene, ya wino mwekundu. Na alama zangu zote zilikuwa zimefika mlangoni pa A zikasimama nje, kwa sababu ya swali hilo moja. Jibu lililotakiwa lilikuwa lile la kitabuni. Kitabu kinasema watoto wawili wanaweza kuwa wavulana wote, wasichana wote, mvulana akafuatwa na msichana, au msichana akafuatwa na mvulana. Ukishaambiwa kuna mvulana, unafuta ile hali ya wasichana wote, zinabaki tatu, na kati ya hizo ni moja tu yenye wavulana wawili. Theluthi moja. Jasinta alikuwa ameandika theluthi na amepata A yake safi. Nilimgeukia bwenini nikiwa nachemka. "Kwani wewe hujui Kato ni pacha? Wewe wa Nkwenda?" Alikuwa anakunja nguo, hakuinua hata kichwa. "Najua. Lakini najua pia Madamu ni wa Makete." Upande wa pili wa ukuta wale wenye wachumba wakaangua kicheko. Nilikasirika sana siku ile, na nimekuja kumheshimu sana kwa jibu lile baadaye. Mtihani una mtungaji, na Jasinta alikuwa amemsoma mtungaji pamoja na swali. Mimi nimefundisha takwimu miaka mingi sasa na bado nawaambia wanafunzi kitu hichohicho kwa maneno marefu zaidi: kabla hujahesabu, uliza habari hii imetoka kwa nani na amejuaje.

Nilimfuata Madamu ofisini, pale walimu walipokuwa wakinywa chai. "Shikamoo, Madamu." "Marahaba, Koku. Najua kilichokuleta." Nikamwambia Kato ni pacha. Akasema jina ni jina, angeweza kuandika Juma. "Ungeandika Juma, Madamu, ningeandika theluthi." Mwalimu mmoja wa Muleba, naye mtu wa mkoa wetu, aliyekuwa pale akakohoa ndani ya kikombe chake, na niliona Madamu amemsikia. Alifumba macho. Akasema jina lenyewe alilisoma tu kwenye kibao cha bucha, hapo njiani, akalipenda kwa sababu ni fupi. "Na huyo mwenye bucha ni pacha," nikasema. "Una hakika?" Sikuwa na hakika hata chembe, nikasema ninayo. Akafumbua macho akanitazama muda mrefu, na ule ukali wake haukuwepo. "Basi usiniletee maneno. Niletee watu. Tafuta hao Kato, uone kama kila Kato ana mwenzake. Majina nayapeleka kwa mkuu Jumatatu asubuhi. Ukinionyesha kwamba jina linasema unachodai linasema, nitakupa alama yako." Nilitoka pale nimeshaanza kufunga sanduku la safari kichwani.

Jumamosi tuliazima baiskeli moja, tukawa tunapokezana, mmoja anaendesha na mwingine anabebwa. Jasinta alikuja kwa sababu alitaka chumba chetu cha Dar kiwe na mtu wa kulala mlangoni; alisema hivyo kwa mdomo wake, mengine hayakumhusu. Tulianzia buchani. Mwenye bucha, kijana mnene mwenye aproni yenye damu, alitusikiliza, akauliza kama tunanunua au hatununui, kisha akageuka nyuma akaita, "Kakuru! Njoo uonekane, wamekuja watu wa chuo!" Akatoka mtu yuleyule. Unene uleule, meno yaleyale, tofauti ilikuwa shati tu. Jasinta alipiga makofi. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Wale ndugu wakaulizana kuna nini cha kuchekesha, wakatufukuza kwa utani, na Kakuru akatutupia kipande cha utumbo kilichofungwa kwenye jani la mgomba, zawadi ya wasomi.

Tukaendelea hadi Kituntu, nyumbani kwa mama mmoja aliyejulikana na wote kwa kuwa na mapacha. Alitukaribisha ndani, akatutandikia mkeka, akatuletea kahawa za kutafuna ndani ya kikapu kidogo, zile zinazochemshwa na majani ya porini na kuanikwa, ambazo mgeni hapewi kikombe bali anapewa punje. "Waitu, wenzetu, karibuni, mtafune kwanza, maneno hayaozi." Kato wake alikuwa na umri wa kwenda shule, na mkubwa wake alikuwa msichana, Nyangoma, ameshampita kimo na anampiga makofi ya kisogoni kila akipita. Hawakufanana hata pua. Nilimuuliza yule mama kama angeweza kumpa mtoto jina la Kato bila kuwa pacha. Alinitazama kama nimeuliza kama angeweza kumbatiza mbuzi. "Kwa nini umdanganye mtoto? Atazunguka duniani akimtafuta mwenzake." Nikamtazama Jasinta, Jasinta akanikonyeza. Tulipewa ndizi zilizopikwa na maharage mabichi na mafuta ya ng'ombe, sijala ndizi kama zile tangu siku hiyo, na tukiwa tunaaga mama yule akasema, "Kama mnawakusanya akina Kato, kuna mwingine Kihanga, fundi wa kujenga. Mtu wa maneno mengi huyo." Nilikuwa na wawili tayari. Ningeweza kuridhika. Lakini mimi, ukinitajia mlango nitataka kujua nyuma yake kuna nini, ndivyo nilivyo, na si sifa ninayojipa, imeniponza mara nyingi.

Jumapili baada ya ibada tukaenda Kihanga. Tulimkuta fundi anajenga upya banda la kuku, matope hadi kwenye viwiko. "Shikamoo." "Marahaba, wanangu. Msinishitaki kwa mchungaji. Kicheche hajui Jumapili, na mimi sitamngoja Jumatatu." Nikamuuliza kama yeye ndiye Kato. Akasema ndiye, wa pekee. "Na Kakuru yuko wapi?" "Kakuru gani?" "Pacha wako." Alicheka hadi akaachia fito. "Pacha wangu? Nilizaliwa peke yangu, na mama yangu alisema mmoja nilimtosha kwa kelele. Kato alikuwa babu yangu, ndiye aliyekuwa pacha. Mimi nimembeba jina tu." Nikauliza kama ni yeye tu aliyembeba. Hapana, akasema, kwenye ukoo wao, kila nyumba yenye mtoto wa kiume lazima mtoto mmoja ampokee babu. Awe wa kwanza, awe wa mwisho, wazee wanaangalia tu nani anamfaa. "Lakini mmoja tu kila nyumba. Wakiwa wawili, mzee atagawanyika vipi?" Binamu zake kadhaa walikuwa Kato. Mmoja alikuwa na dada tu. Mwingine alikuwa na kaka. Alizungumza huku akirudisha fito mahali pake, na kila alipotaja Kato mwingine Jasinta alinivuta gauni kwa nyuma, akitaka tuondoke kabla mambo hayajaharibika zaidi.

Tuliondoka. Wingu lilikuwa limejaa upande wa Rwanda na barabara ilikuwa na utelezi wa mvua ya usiku, tukawa tunasukuma baiskeli. Jasinta alidhani nina huzuni. Huzuni ilikuwepo, ndiyo, lakini kuna kitu kingine kilikuwa kinanitekenya. Ghafla nikasimama katikati ya njia. "Jasinta! Kwa huyu fundi, theluthi ya Madamu ni sahihi!" "Koku, tembea, mvua hiyo inakuja." "Sikiliza! Kama kila nyumba yenye mvulana lazima iwe na Kato mmoja, basi nyumba zenye Kato ni zilezile nyumba zenye mvulana. Zote. Ndicho kitabu kinachosema! Buchani na Kituntu jibu langu ni sahihi, Kihanga jibu lake ni sahihi, na ukikutana na Kato usiyemjua, jibu liko katikati yetu na hakuna anayejua ni wapi!" Jasinta alisimamisha baiskeli, akaiegemeza kwenye kiuno chake. Sauti yake haikuwa ya utani tena. "Sasa nisikilize wewe. Madamu amesema ukileta watu atakupa alama. Una wa buchani, una wa Kituntu. Hao ni watu. Huyu wa leo hatukumkuta. Hakuwepo, alikwenda sokoni, vyovyote. Hatukumkuta, basi." Nikasema lakini tumemkuta. "Koku, mimi nakwenda Dar. Sitaki kwenda peke yangu." Alisema hivyo akitazama gurudumu. Jasinta hakuwa mtu wa kusema mambo kama hayo, na nilijua limemtoka kwa shida. Nikamwambia sawa. Nakumbuka vizuri kwamba nilisema sawa na kwamba nilimaanisha.

Madamu Sanga alikaa kwenye nyumba ndogo ya mwalimu nyuma ya chuo. Nilikuwa sijawahi kuingia mpaka jioni ile. Sebule ilikuwa na viti viwili vyenye vitambaa vya kufuma, jiko la mkaa mlangoni, gunia la viazi mviringo kutoka kwao, na vitabu vimepangwa sakafuni kwa kukosa kabati. Alitumiminia chai yenye tangawizi kali. Jasinta alikaa karibu na mlango. Nikaanza kusimulia. Nilimweleza wa buchani, na alicheka kama tulivyocheka sisi, akasema kumbe kila siku amekuwa akinunua nyama kwa watu wawili huku akidhani ni mmoja mwenye hasira za vipindi. Nikamweleza wa Kituntu, na lile la mtoto kuzunguka duniani akimtafuta mwenzake. Alifumba macho kulisikiliza hilo. Kisha akasema, "Haya. Nilitunga swali juu ya watu nisiowajua." Akavuta karatasi yangu kutoka kwenye rundo, akafungua kalamu nyekundu, na mkono wake ukashuka hadi pale penye sifuri.

Nilitakiwa kunyamaza tu kwa muda wa kuandika tarakimu moja, basi. Jasinta alikuwa ananitazama kwa nguvu, nilihisi macho yake kwenye shavu. Nami niliitaka ile alama, jamani, niliitaka kama mtu mwenye kiu. Kilichonifungua mdomo nimekifikiria miaka yote hii, na sitaki kujipamba: sikufikiria ukweli, wala dhamiri, wala Mungu. Nilikuwa na jambo tamu kichwani, na mtu pekee katika Karagwe nzima ambaye angeliona utamu wake alikuwa mbele yangu ameshika kalamu. Lilinitoka. "Madamu, kuna Kato wa tatu." Mkono wake ukasimama. Nikamweleza fundi wa Kihanga, babu yake, mmoja kila nyumba, na jinsi theluthi inavyorudi kwa mlango wa nyuma. Nilisikia mlango ukifungwa. Jasinta alikuwa ametoka. Madamu hata hakugeuka. Aliifunga kalamu, akamwaga viazi sakafuni, akasema hivi ni watoto, nionyeshe. Tukapiga magoti wote wawili. Viazi vidogo vilikuwa wasichana na vikubwa wavulana, tukavipanga viwili viwili, nyumba za mapacha huku na nyumba za babu kule, tukavihamisha, tukabishana, akanikatiza nikamkatiza, mpaka nikasahau kumwita Madamu na yeye akasahau kukasirika. Mwisho alikaa kwenye visigino, mikono ina udongo. "Kwa hiyo jibu lako si sahihi," akasema. Nikamwambia ndiyo. "Na langu si sahihi." Nikamwambia ndiyo. "Basi alama siwezi kukupa, Koku. Walioandika theluthi waliandika nilichowafundisha, siwezi kuwanyang'anya. Wewe umedai jambo, na umeniletea mwenyewe mtu wa kulivunja." Alikuwa na machozi, au ni moshi wa mkaa, sijui. Nikasema, "Sawa, Madamu. Asante kwa chai."

Jasinta hakusema nami usiku ule. Wasichana wa biolojia walikuwa wamenyamaza, maana yake walikuwa wanasikiliza, na hapakuwa na cha kusikiliza. Asubuhi niliamka nikakuta kopo lake la senene liko juu ya daftari langu, kopo zima. Majina yalibandikwa nje ya ofisi ya mkuu kabla ya kipindi cha kwanza. Jina lake lilikuwepo. La kwangu halikuwepo, na ingawa nilijua halipo nililitafuta toka juu hadi chini, nikarudia toka chini hadi juu. Watu walinipa pole kama mfiwa. Mimi nilikwenda chuo kikuu mwaka uliofuata, hayo yana mahali pake, lakini asubuhi ile hakuna aliyeniahidi mwaka unaofuata. Niliona nimebaki na migomba dirishani. Niliingia darasani na hasira ya kunitosha mimi na darasa zima: nilimkasirikia Madamu, nikamkasirikia fundi wa Kihanga na babu yake, nikajikasirikia mimi na mdomo wangu. Nilikaa nyuma kabisa, mahali nisipokaa.

Madamu aliingia bila vitabu. Hakusalimia. Aliandika lile swali ubaoni tena, neno kwa neno, mama, watoto wawili, Kato. Akarudi nyuma hatua mbili, akalitazama. Halafu akatugeukia, macho wazi, na kusema, "Swali hili nililitunga mimi. Jibu lililopewa alama ni la kitabuni. Jibu lake la kweli silijui." Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mtego. Madamu hakucheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kumsikia mwalimu akisema neno hilo akiwa amesimama ubaoni, mchana, mbele ya watu. "Silijui," akarudia, kwa utulivu, kama anayetaja jina lake. Akaninyooshea chaki kutoka mbele hadi nyuma. "Koku, njoo tuanze." Nilitaka kukataa. Nilikuwa na haki ya kukataa, na kila mtu pale angenielewa. Jasinta aligeuka kwenye kiti chake akanitazama, na wengine wakageuka, na Madamu hakuushusha mkono. Nikainuka, nikapita katikati yao hadi mbele, nikaichukua ile chaki. Hasira bado ilikuwepo, naapa, lakini nilitaka kujua.